Jumapili niliyoiachia mashine kazi Eldoret, nikaenda kubatiza mtoto Timboroa

Wakuu, salaam kwenu nyote, pamoja na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuchangia. Nawajua.

Hii si hadithi ya kuambiwa. Ilinipata mimi. Mahali nimesahau nitasema nimesahau, lakini sitaongeza kitu.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa jana. Kijana mmoja ameandika ati wao ndio walianza kuiachia kompyuta kazi. Unaandika amri moja kwenye skrini nyeusi, unaiambia saa ya kuanza, unaenda zako, kazi inajifanya. Akamalizia ati mama zetu hawawezi kuelewa mambo hayo.

Mama zenu.

Kaa chini, kijana, nikuambie.

Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Ile miaka mtu akitaka kusema juu ya serikali anaangalia nyuma kwanza. Mimi nilikuwa msichana wa Ziwa, ile ya mashambani karibu na Eldoret, nimemaliza Form Four, nikajifunza typing mjini, nikaolewa na mwalimu wa Timboroa. Yeye alifundisha huko kwao, mimi nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Langas kwa sababu kazi yangu ilikuwa Eldoret.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa shirika moja la wakulima. Jina naliacha. Lilikuwa linagawia wakulima mbegu za mahindi na mbolea kabla ya mvua.

Sasa, shirika lilikuwa limenunua kompyuta. Msifikirie hii yenu ya kuweka kwa mapaja. Hii ilikuwa kama kabati tatu za nguo zimesimamishwa pamoja. Ilikuwa na chumba chake, chenye baridi ya mashine siku nzima ya kazi, na sisi tulivua viatu mlangoni kama watu wanaingia mahali patakatifu. Tuliketi kwa terminal, yaani skrini na kibodi peke yake, waya unaingia ukutani.

Siku ya kwanza niliandika herufi moja, ikatokea mbele yangu kwa rangi ya kijani. Nikaangalia kidole changu. Nikaangalia skrini. Nikabonyeza nyingine kuhakikisha.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana bila hiyo hamtaelewa hasira yangu.

Kila wiki kulikuwa na kazi tatu kubwa. Tuliziita job. Job ya kwanza inakusanya maombi ya wakulima yote tuliyotype. Ya pili inayapanga kwa vituo. Ya tatu inachapisha vibali, karatasi moja kwa kila mkulima, na bila hiyo karatasi mtu wa stoo hakupi hata punje.

Ili job ianze unaandika SUBMIT, halafu jina lake, halafu unabonyeza. Hapo mashine inanyamaza na kuanza kusaga mambo yake. Wewe unangoja. Ikimaliza inakuambia, unaandika SUBMIT ya pili. Unangoja tena. Halafu ya tatu.

Katikati ya wiki mashine ilikuwa na watu wengi, ikienda polepole kama ng'ombe mwenye mimba. Kwa hivyo boss wetu, Bwana Wafula, aliamua hizo job tatu ziendeshwe Jumapili, ofisi ikiwa tupu. Mtu mmoja anakuja, anawasha mashine, anaandika, anangoja, anaandika, anangoja, mpaka jioni. Jumatatu asubuhi vibali viko tayari, wakulima wako kwa gate.

Kulikuwa na zamu. Majina yetu yalikuwa kwa karatasi ukutani.

Halafu nikazaa Chebet.

Niliporudi kutoka leave ya kuzaa, nikaangalia ukuta. Jumapili zote zilikuwa na jina langu. Nikaenda kwa Bwana Wafula nikidhani ni makosa.

"Si makosa, Mama Chebet," akasema. "Wenzako walikushikia zamu ukiwa nyumbani umelala. Sasa shika zao."

Umelala. Mwanamke ametoka kuzaa, ati alikuwa amelala.

Nikamuuliza kama naweza kuja na mtoto, nimweke kwa kikapu hapo pembeni.

"Hapana. Hii mashine haitaki vumbi."

"Mtoto wangu ni vumbi?"

"Nimesema mashine haitaki vumbi. Hayo mengine umesema wewe."

Wakuu, mimi bado nina hasira na hilo jibu. Nimekuwa nyanya na bado nina hasira.

Basi nikakaa hizo Jumapili. Mtoto yuko Langas kwa jirani, mimi niko kwa chumba cha baridi, maziwa yananichuruzika mpaka blauzi inalowa, halafu ile baridi inaigandisha kifuani. Kwa nini? Ili niandike neno moja, ningoje, niandike lingine.

Huo ndio ulikuwa uchungu. Sikuwa nafanya kazi. Nilikuwa nangojea mashine imalize, kama mtu anangojea chai ichemke, siku nzima ya Mungu.

Sasa tuingie kwa shida yenyewe.

Padre alikuwa anafika kanisa letu la Timboroa mara chache sana. Parokia ilikuwa kubwa na yeye ni mmoja. Neno likaja kwamba Jumapili fulani atabatiza watoto, na mama wa mtoto lazima awepo. Mama mkwe alishafunga kondoo wa kuchinja. Chebet alikuwa ametoka kuugua kifua, ule ugonjwa wa kukosesha mtu usingizi, na mama mkwe aliniambia wazi hatalala vizuri mpaka huyo mtoto apate maji kichwani. Mimi pia sikuwa nalala.

Na hiyo Jumapili ndiyo iliyokuwa kabla ya ugawaji mkubwa wa mbegu. Mawingu yalishaanza kukusanyika. Jumatatu watu wa Ziwa wangekuja na matrekta na mikokoteni ya ng'ombe, na baba yangu mzazi angekuwa kwa laini yao, ile foleni ya gate.

Nikaenda tena kwa Bwana Wafula.

"Jumapili hii siwezi. Mtoto anabatizwa Timboroa."

"Kila wiki una kitu."

"Mtu hubatizwa mara moja tu, Bwana Wafula."

"Basi mpeleke padre akirudi. Mungu haendi mahali." Akachukua kalamu kuonyesha kwamba tumemaliza. Halafu akaongeza bila kuniangalia, "Jumatatu nikikosa vibali, Mama Chebet, usije kuniuliza kwa nini terminal yako imekaliwa na mtu mwingine."

Ni hivyo tu. Kanisa au kazi. Wakati huo mshahara wa mwalimu ulikuwa unachelewa mpaka tunasahau unafanana aje. Hiyo kazi ndiyo ilikuwa inalisha mtoto.

Nilirudi kwa terminal yangu nikiwa nimekasirika mpaka nikipiga kibodi wenzangu wanageuka.

Hapo nikakumbuka fundi.

Kulikuwa na fundi aliyekuwa akitoka Nairobi kuja kusafisha mashine. Huyo mtu alikuwa na tabia moja. Akisahau kitu hakufungua kitabu. Aliandika HELP, halafu neno analotaka, na mashine inamweleza. Nilimwona hivyo mara nyingi nikipita na karatasi. Sisi hatukuambiwa kitu kama hicho kipo. Tulipewa maneno yetu machache tukaambiwa hayo yanatosha.

Nikaangalia mlango. Nikaandika HELP, nikaandika SUBMIT, nikabonyeza.

Skrini ikajaa.

Wakuu, nataka mnielewe hapa. Ile mashine niliyoikalia Jumapili zote hizo, nikidhani ni bubu inayongoja kuambiwa, ilikuwa inajua kujieleza. Ilikuwa na maneno mengi kuliko mwalimu wangu wa English. Ilikuwa inangoja tu mtu aiulize.

Nikasoma polepole, mdomo ukitembea. Kulikuwa na njia ya kuichapisha job ikimaliza. Kulikuwa na njia ya kuishikilia isiende. Halafu nikafika kwa neno AFTER, yaani baada ya.

AFTER. Unaandika SUBMIT, jina la job, AFTER, halafu siku na saa. Mashine inaichukua, inaiweka kwa laini, inangoja. Saa ikifika inaianza. Yenyewe.

Nikasoma tena. Halafu nikasoma mara nyingine, kwa sababu akili yangu ilikataa. Kwa hivyo naweza kuiambia leo kitu cha Jumapili? Na Jumapili mimi niko kwingine, nimeshika mtoto wangu, na hii kitu inakumbuka?

Nilijisikia kama mtu ameishi kwa nyumba miaka na miaka, halafu siku moja anasukuma ukuta, kumbe ni mlango.

Jumamosi kabla ya ofisi kufungwa nikaketi. Nikaandika job ya kwanza, AFTER, Jumapili, saa nne asubuhi. Niliandika 10:00, na nilihesabu kwa vidole nisikosee kugeuza saa yetu kuwa ya mashine. Ikanijibu kwamba imeipokea na inangoja wakati wake. Nikaandika ya pili, nikaiachia nafasi ya kutosha. Nikaandika ya tatu. Nikauliza laini ina nini. Zikatokea zote tatu, moja chini ya nyingine, na kando ya kila moja jina langu, JEROTICH.

Nikahesabu tena. Moja, mbili, tatu.

Nikaiambia mashine kwaheri. Kwa sauti. Mnaweza kucheka.

Saa saba mchana nilikuwa nimembeba Chebet naelekea Timboroa.

Timboroa mnaijua. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati na mbao, limejaa mpaka wanaume wamesimama nje na makoti yao. Padre alichelewa, halafu akaja akiwa na matope mpaka magotini.

Mama mkwe alikuwa amemvalisha Chebet sweta jeupe alilofuma mwenyewe. Mume wangu, Joel, alikuwa kando yangu na ile suti yake moja. Tulikuwa kwa mstari wa wazazi, tunasogea mbele kidogo kidogo.

Nikamwinua Joel mkono niangalie saa yake. Ilikuwa inakaribia saa nne.

Nikafumba macho. Watu walidhani ninaomba, na labda nilikuwa ninaomba. Nilikuwa naiona ile ofisi. Mlango umefungwa. Hakuna mtu. Na ndani ya hicho chumba kitupu, kitu nilichokisema jana kinaamka na kuanza kufanywa. Neno langu liko Eldoret linafanya kazi na mimi niko hapa. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kikubwa hivyo nje ya Biblia. Nilitaka kumwambia Joel, lakini ningeanzia wapi.

Tukafika mbele. Padre akauliza jina la ubatizo. Nikasema Monica. Akachukua maji. Chebet akakunja uso kabla hayajamfikia.

Nikakumbuka swichi.

Nieleze. Pale ofisini tulikuwa na mzee anaitwa Kimutai, mlinzi na msafishaji na kila kitu. Zamani kiwanda alichofanyia kazi kilishika moto kwa sababu ya stima, na tangu hapo mzee hakuiamini. Kila Jumamosi ofisi ikifungwa anazunguka chumba kwa chumba, anazima kila swichi, anachomoa kila plagi. Chumba cha kompyuta pia. Kila mtu alijua, na hakuna aliyemkataza, maana Jumapili anayekuja na zamu huwasha mashine mwenyewe.

Na anayekuja na zamu alikuwa mimi. Kila Jumapili nimeiwasha kwa mkono wangu. Nilikuwa nimezoea mpaka sikuwa naona tena kama ni kazi. Niliiambia mashine siku, nikaiambia saa, nikasahau kwamba hiyo saa ikifika itakuwa imezimwa.

Maji yakashuka kichwani. Chebet akalia. Mimi pia nikalia, na mama mkwe akanishika bega, akidhani ni furaha.

Nje nikamvuta Joel kando.

"Lazima nirudi Eldoret sasa."

"Na wageni?"

"Mashine imezimwa. Hakuna vibali kesho. Kazi imeisha, Joel."

Akaangalia barabara. Jumapili gari lilikuwa moja la asubuhi, na tulikuwa tumelisikia likipita wakati wa nyimbo. Akasema, "Mashine iko Eldoret. Mtoto yuko hapa. Leo kula nyama."

Sikuonja. Niliosha vyombo. Mama mkwe akasema sijawahi kuwa mke mzuri hivyo.

Jumatatu nilipanda gari la kwanza na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimepanga maneno yote ya kumwambia Bwana Wafula, na mengine ya kumwambia baba.

Tulipofika Burnt Forest barabara ilikuwa imefungwa.

Wale mliokuwa hai wakati huo mmeshajua. Mkubwa wa nchi alikuwa anapita. Askari wakatuambia wote tushuke, tukate matawi ya majani mabichi, tujipange kando ya lami. Watoto wa shule walishapangwa, wanaimba. Hakuna gari linaenda mpaka apite, na hakuna anayejua atapita saa ngapi.

Nikasimama hapo na tawi. Jua likapanda, likaanza kushuka. Chebet akanyonya, akalala, akaamka, akanyonya. Nikawaza wakulima wamejaa kwa gate. Nikawaza baba yangu ameketi juu ya mkokoteni akiangalia mawingu, na mtu wa stoo anamwambia hakuna karatasi.

Mwanamke aliyekuwa karibu nami akaninong'oneza, "Tikisa tawi, mama. Na ucheke kidogo. Wanaangalia."

Nikatikisa. Kucheka nilishindwa.

Magari yakapita kama upepo. Sijui nilimpungia nani.

Nilifika Eldoret karibu saa kumi na moja jioni. Nikaingia gate ya ofisi nikitegemea makelele.

Palikuwa kimya.

Uwanja ulikuwa mtupu. Kulikuwa na alama za matairi, mavi ya ng'ombe, na kwa mlango wa stoo punje chache za mbegu zimemwagika, zile za rangi ya dawa. Kuku wa jirani alikuwa anazikaribia na mtu wa stoo akamfukuza kwa kofia.

Nikafikiri wamekuja, wamekosa, wamegombana, wamerudi.

Mzee Kimutai alikuwa kwa kiti chake cha mbao karibu na mlango. Huyo mzee ndiye mtu pekee pale kazini aliyeniita kwa jina langu, kwa sababu alijuana na baba huko Ziwa. Akaniangalia muda mrefu. Akamwangalia mtoto.

"Jerotich. Umetoka wapi?"

"Timboroa, Mzee. Barabara ilikuwa imefungwa."

"Hapana," akasema. "Wewe ulikuwa ndani."

"Sikuwa ndani. Ndiyo naingia sasa hivi."

Akatikisa kichwa. "Keti."

Nikaketi kwa ngazi. Akaanza kunieleza, polepole, kama mtu anatoa ushahidi.

Asubuhi alifungua ofisi, akarudisha plagi zote kama kila Jumatatu, akawasha kila swichi. Chumba cha kompyuta pia. Mashine ikaanza kuvuma. Halafu wafanyakazi wakaja, na kabla hawajaketi mtu wa chama akafika kuwachukua wote wakajipange barabarani mjini. Bwana Wafula alienda pia. Akabaki Mzee na wakulima kwa gate.

"Mimi nikaketi hapa," akasema. "Ofisi ni tupu, nimehakikisha. Halafu nikasikia ile kitu yenu ya kuandika karatasi. Krr, krr, krr. Huko ndani. Nikasema, nani huyo?"

"Ukafanya nini?"

"Nikafikiri ni wewe, umeingia na mlango wa nyuma. Nikasimama hapo nikaita. Jerotich! Kimya. Inaandika tu. Nikaita tena. Jerotich! Kimya. Nikatoa viatu, nikafungua mlango. Hakuna mtu. Karatasi inatoka yenyewe, inaanguka, inajikunja. Na ile ya kwanza, Jerotich..."

Akavua kofia.

"Mimi si msomi sana. Lakini herufi zilikuwa kubwa kama mkono wangu. Nimeita jina lako, na hiyo mashine imeniandikia jina lako. Iliitika."

Wakuu, nilipata baridi na jua bado linawaka.

Ile printa, kabla ya kazi ya mtu, ilikuwa inachapisha ukurasa mmoja wa mbele wenye jina la aliyeituma, herufi kubwa zimejengwa na herufi ndogo. Niliujua huo ukurasa. Nilikuwa nautupa kila Jumapili. Lakini siku hiyo, nikimsikiliza Mzee, sikuweza kumwambia ni kitu cha kawaida. Maana kwangu pia hakikuwa cha kawaida.

Nimefikiria hiyo siku maisha yangu yote. Mashine ilizimwa na maneno yangu yakiwa ndani. Saa niliyoiambia ilifika ikiwa imekufa, ikapita. Ilipowashwa, kabla mtu hajaigusa, iliangalia saa yake ya ndani, ile ya betri, ikaona imechelewa. Ikaanza ya kwanza. Ikamaliza, ikaanza ya pili. Ikaanza ya tatu. Kwa mpangilio, kama nilivyoiacha. Haikuuliza mtu.

Mimi nimechelewa sehemu nyingi. Nimejua watu wengi wakichelewa kitu wanakiacha kabisa.

"Na wakulima?" nikamuuliza Mzee.

"Nilituma mtu mbio amwambie Wafula. Alirudi na tawi mkononi bado. Alikata hizo karatasi akagawa mwenyewe. Baba yako alikuwa wa mbele. Ameenda na mbegu yake. Amesema anasalimia mjukuu." Akanyoosha mkono, akamgusa Chebet kichwani, pale pa maji. "Sasa ingia. Anakungoja."

Bwana Wafula alifunga mlango nyuma yangu. Hakusema kitu juu ya mtoto mgongoni. Juu ya meza alikuwa na ule ukurasa, na jina langu lote.

"Nani alikuonyesha AFTER?"

"Niliuliza mashine."

Akaketi. "Kwa hivyo unajua."

Ni vile alivyosema hilo neno. Hakuwa ameshangaa. Alikuwa kama mtu amepatikana na kosa.

"Kwa hivyo ulijua," nikasema.

Akausogeza ule ukurasa pembeni.

"Tangu lini?"

"Tangu ilipoletwa. Tulifundishwa Nairobi."

Wakuu, siwezi kuwaandikia yote niliyomwambia. Mengine yalikuwa kwa lugha ya nyumbani na hakuyaelewa, lakini alishika maana. Nilimwambia juu ya blauzi. Nilimwambia juu ya kifua cha mtoto, kwamba wiki aliyougua nilikuwa hapa nangoja neno kwa skrini. Chebet akaamka akaanza kulia na sikumtuliza. Nilitaka amsikie.

Nilipomaliza, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Chebet, unafikiri waliinunua hii mashine ifanye kazi na sisi? Wakijua huko juu kwamba inaweza kupewa kazi na ikajiendesha, kesho yake watauliza sisi ni wa nini. Mimi nina watoto pia. Nilitaka kila Jumapili waone jina la mtu ukutani."

"Jina langu."

"Jina la mtu."

"Lilikuwa langu, Bwana Wafula. Kila Jumapili."

Akaangalia tawi lake lililokuwa limenyauka kwa kiti.

Hakunifukuza. Angenifukuza aandike sababu gani? Tangu siku hiyo sikukaa Jumapili tena, wala mwenzangu yeyote. Jumamosi ninaandika amri zangu, namwambia Mzee Kimutai aache plagi moja, naye anaiacha, ingawa mara ya kwanza aliweka ndoo ya maji kando yake na kukaa nayo. Karatasi ya zamu ilibaki ukutani na majina yetu. Hakuna aliyeisoma.

Na lazima niseme ukweli nilioahidi. Bwana Wafula hakukosea. Miaka ilipokwenda, walijua huko juu. Meza zikatolewa moja moja, na yangu ilikuwa mojawapo. Nilirudi Ziwa nikafuga ng'ombe wa maziwa. Kwa hivyo siwezi kuwaambia yule mtu alikuwa mjinga. Namwelewa.

Sijamsamehe. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kwa sababu angeweza kuniambia. Tungejua sisi wawili, tukanyamaza sisi wawili, na mimi ningekuwa Langas nanyonyesha. Aliogopa watu wa juu, na hofu yake akaibebesha mwanamke aliyetoka kuzaa.

Ule ukurasa niliuchukua mezani kwake bila kuomba. Uko kwa bati la biskuti pamoja na kadi ya ubatizo ya Chebet. Wino umefifia, lakini JEROTICH bado inasomeka ukisimama mbali. Chebet alipokuwa mdogo alidhani hicho ndicho cheti chake, na ile kadi ndogo ni risiti.

Nilichojifunza? Usikubali kupewa maneno matatu ukaambiwa yanatosha. Uliza. Uliza mashine, uliza mtu, uliza ukuta. Na ukijua kitu kinachoweza kumrudisha mama kwa mtoto wake, usikifiche, hata kama unaogopa.

Na wewe kijana wa jana, hongera kwa hiyo skrini yako nyeusi. Ni kitu kizuri sana. Mimi mpaka leo nikiikumbuka nasimama kidogo.

Sasa zamu yenu wakuu. Ni nani aliyekukalisha mahali ukingoja, na huku anajua hukuhitajika kuwa hapo? Andikeni hapa chini. Nimeshakamua, niko, nasoma yote.